Waliokuja Kuota Breki

Mwaka 1953, baada ya mavuno ya maharage, pikipiki ya magurudumu matatu ya ofisi ya barabara ilianza kuchemka breki ya mbele. Édouard, dereva wake, aligundua hilo chini ya mteremko wa Muheto, alipoinama kufunga kamba ya kiatu na shavu lake likapigwa na joto la gurudumu. Akalimwagia kopo la maji, nayo maji yakageuka mvuke kabla hayajafika chini. Mama Vestine, mjane wa pale kilimani, alikuwa akipita na kapu la mahindi. Alisimama, akatazama, akauliza kama anaweza kuchomea hindi moja hapo. Édouard alikataa, maana chombo kilikuwa cha serikali, na vya serikali havichomewi mahindi.

Pikipiki hiyo ilipeleka mikate ya Wazungu, barua na misumari hadi Kalembe, na mbele kidogo ya Kalembe, ambako barabara ya kwenda Walikale ilikuwa ingali inachimbwa. Huko ndiko alikokuwa Séraphin, mdogo wake Édouard, aliyetolewa na chifu kwa kazi ya lazima. Wachimbaji walilala katika vibanda vya majani, mvua ikiwanyeshea humo humo. Kuwasha moto kulikatazwa, kwa sababu kila mti uliokatwa ulikuwa kuni za tanuri la kukaushia pareto. Séraphin alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Kila alipomwacha, Édouard aliogopa kwamba safari ijayo hatamkuta, na hofu hiyo ilimfanya aendeshe mbio. Ndiyo maana breki ilipoanza kumchelewesha, alikasirika kweli kweli.

Alianza na waya wa breki, akaulegeza. Breki ikaendelea kuchemka. Akafungua gurudumu, akatoa tope, akapaka grisi, akabadilisha springi zinazorudisha vile vibao viwili vinavyobana kwa ndani. Gurudumu likazunguka jepesi kama la baiskeli mpya, lakini chini ya mteremko joto lilikuwa lile lile. Akajishuku mwenyewe, kwamba labda mkono wake ni mzito, akateremka kwa gia ya kwanza bila kugusa breki kabisa. Mwishowe aling'oa waya wote akautia mfukoni. Siku hiyo breki isiyo na waya ilichemka kuliko siku zote, na juu ya chuma chake palikuwa na alama za viganja vya udongo mwekundu, vingi, vya watu wazima.

Basi safari iliyofuata akasimama katikati ya mteremko, kwenye kona iliyochimbwa kwa majembe wakati wa vita vya Wazungu. Akainua gurudumu la mbele juu ya jiwe, akaketi pembeni kula muhogo wake. Hakungoja sana. Wanaume walipanda kutoka ukingoni, wamelowa, majembe mabegani, wakamwamkia, naye akaitikia. Walikuwa wamekufa. Jua lilikuwa linawaka, na mvua ilikuwa inawanyeshea wao tu. Wawili wakalizungusha gurudumu, wengine wakalibana kwa viganja mpaka chuma kikashika joto, kisha wakachuchumaa na kunyoosha mikono. Wa nyuma walisubiri zamu yao bila kusukumana.

Mama Vestine alikuwa amefika na kapu lake.

“Uyu njo Léonard, bwana yangu,” alisema, akimwonyesha mmoja mrefu. “Yeye na benzake njo balichimba hii kona. Baridi ilibamaliza.”

“Sasa Mama, juu ya nini banashika frein ya Leta?” Édouard aliuliza, maana breki ilikuwa ya serikali.

“Muzungu alibaambia: mukimaliza barabara, moto itakuya. Bo balikuwa na baridi, balisikia moto ya kuota. Balichimba mbio-mbio, juu moto ikuye. Kumbe alikuwa anasema hii moto yenye matairi.”

Neno lilikuwa la Kifaransa, moto yaani pikipiki, na kwa Kifaransa halikuwa na kosa lolote. Léonard alisikia mkewe akisimulia, akatikisa kichwa kukubali, akarudisha mikono kwenye chuma.

“Ahadi ni deni, Papa Édouard,” Vestine alisema. “Bamekuya kuichukua.”

Édouard alipeleka habari kwa msimamizi wa barabara, Mzungu aliyeitwa Bwana Kamba kwa sababu alipima kila kitu kwa kamba. Bwana Kamba alimsikiliza akiwa anachonga penseli. Alikubali kwamba maneno yalikuwa yake.

“Mimi nasema moto, na moto nakuja,” alisema. “Mimi hapana danganya mutu.”

Kisha akatoa amri. Kila safari pikipiki isimame kwenye kona ile, gurudumu liinuliwe, waliokufa waote mpaka waridhike, ili breki isiungue mteremkoni. Dawa ilikuwa nzuri. Tangu siku hiyo Édouard alifika chini na breki baridi, unaweza kuilalia.

Lakini kabla hajatoka ofisini siku ile, alikuwa ameuliza jambo moja, kofia mkononi.

“Bwana, na bale bazima? Mudogo wangu anakohoa damu. Utupatie kuni kidogo tu.”

“Kuni iko ya pareto,” Bwana Kamba alijibu. “Muzima iko na kazi. Kazi naleta joto.”

Édouard alitoka na hasira zake, akazimeza, na zilipokataa kumezeka akazigeuza akili. Safari iliyofuata, alipopita Kalembe, aliishika breki ya mbele na hakuiachia. Injini ikalia, gurudumu likanuka, naye akafika kwa wachimbaji breki ikiwaka kama chungu kilichotoka jikoni. Akamwita Séraphin, akamketisha mbele ya gurudumu, akamfunika koti lake. Wenzake wakasogea.

“Kaka,” Séraphin alisema, na alicheka mpaka kikohozi kikamkata, “kwetu moto inakuyaka na matairi?”

“Ota. Usiseme sana.”

Mikono ya Séraphin ilikuwa bado haijakauka alipokuja Théophile, kapita, yaani mnyapara wa kundi lile. Théophile hakuwa mtu mbaya. Yeye pia alitetemeka, na yeye pia alikuwa na mgongo unaoijua fimbo. Alisema ameisikia amri, na amri inawahusu waliokufa peke yao. Akawafukuza mmoja mmoja kwa upole, akaliondoa koti mabegani mwa Séraphin, akalikunja vizuri, akamrudishia Édouard.

Séraphin alikufa mvua kubwa zilipoanza. Walimzika kando ya barabara, pale jembe lake lilipokuwa limefikia. Édouard alilia njia nzima hadi Muheto, wala hakujificha, na Mama Vestine akamshika mkono bila kumwambia anyamaze.

Safari ya kwanza baada ya msiba, breki ilichemka mbele ya Kalembe, mahali ambapo haikuwahi kuchemka yenyewe. Édouard hakugusa waya wala springi. Alitafuta jiwe, akainua gurudumu, akalizungusha kwa mkono wake mwenyewe. Séraphin alipanda kutoka ukingoni na mvua yake, akachuchumaa, akanyoosha mikono. Alikuwa hakohoi tena. Kapita Théophile alikuja, akamtazama, akamtambua, akasogea kando kumpa nafasi kama amri ilivyotaka.

Nyuma yake mchimbaji mmoja kijana, aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi, aliweka jembe chini. Akaja akachuchumaa karibu na Séraphin, na Séraphin akajisogeza ili watoshane. Kijana akanyoosha mkono kuelekea kwenye chuma.

Théophile akamgusa begani.

“Weye bado,” alimwambia.