Sweta la Iyula

Tik. Tik. Tik.

Nilikuwa bado uani, nimeinamia beseni nanawa masizi ya kuchomelea, nikausikia mlio huo ukitoka ndani. Sikuhitaji kuona. Ni spoki mbili za baiskeli zilizonolewa ncha, na mama mkwe wangu anafuma. Amekwisha fuma sweta. Amefuma kofia. Amefuma soksi zinazofika magotini. Sasa sijui kimebaki kiungo gani cha mwanangu ambacho hakijafunikwa kwa sufu.

Mwanangu ana miezi mitatu. Anaitwa Ezron, jina la babu yake mzaa mama, ndiyo maana bibi humwita "mume wangu". Tunakaa Chitete, bondeni, na huu ni mwezi wa kumi. Saa nane mchana bati letu linaweza kukaanga yai. Bibi anatoka Iyula, kule juu Mbozi, kwenye kahawa na ukungu, ambako mtoto akionekana bila sweta mama yake husemwa mpaka kanisani.

"Mume wangu hatapata nimonia," alisema siku aliyofika, akafunga dirisha.

Siku ya tatu vipele vikatoka. Vidogo, vyekundu, vimejaa kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, mgongoni mpaka kiunoni. Mtoto hakulala, nasi hatukulala. Bibi akampaka mafuta ya mgando, tabaka nene, kama wanavyopaka kwao ngozi ikipasuka kwa baridi ya Juni, kisha akarudisha sweta juu yake. Asubuhi vipele vilikuwa mara mbili.

"Hapa pana kitu," akasema. "Iyula watoto hawatoki hivi. Ijumaa naondoka nao wote wawili, mama na mwana. Watakaa kwetu mpaka mtoto awe mkubwa."

Mpaka awe mkubwa! Na kilichonichoma zaidi ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kwa baridi ya Iyula vile vipele vingenyauka vyenyewe, naye angetangaza miaka ishirini kwamba nyumba yangu mimi Gasper inadhuru watoto. Mimi ningebaki na kitanda kitupu.

Jumatano mke wangu, Atuganile, akampeleka mtoto zahanati. Nesi Sekela hakumaliza hata kumvua.

"Hii ni harara, vipele vya joto. Jasho limezibwa, halina pa kutokea. Mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe kwa kugusagusa, usimsugue. Mafuta haya mazito acha, na poda usimpake. Mvalishe kitambaa chepesi cha pamba, fungua dirisha. Ila vikitunga usaha, au akipata homa, au akikataa kunyonya, mrudishe haraka."

Kesi imekwisha? Thubutu. Mama mkwe alisikiliza ujumbe wote, akauliza, "Huyo nesi amezaa wangapi?" Akafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja.

"Mwambie wewe, Baba Ezron," Atuganile akaninong'oneza.

"Mimi? Mkwe?"

Kwetu mkwe hambishii mama mkwe. Haingii anapolala, hali naye sahani moja, na habari za mwili ndiyo kabisa hazizungumzi naye. Hata salamu naitoa nikiwa nje ya pazia, kichwa chini. Mimi niliyegombana na madereva wa malori pale Tunduma mpaka wakaniomba radhi, ninyamazishwe na kipande cha kitenge kilichoning'inizwa mlangoni!

Lakini hakuna mila inayomkataza baba kumbembeleza mwanawe. Jioni ile nikampakata Ezron kibarazani, karibu na pazia, nikaimba kwa sauti ya kusikika:

Hapa si Iyula mama, hapa jua linawaka,
Mtoto analalama, vipele vimemtoka,
Kwenye sufu anazama, jasho linamiminika,
Ukimvua, salama, usingizi utafika.

Mama yupi, nilimwachia kila mtu achague. Spoki zikasimama. Nikajua limeingia.

"Mkwe," sauti ikatoka ndani.

"Naam, mama."

"Una sauti nzuri, baba. Kwaya ya Iyula wangekupa besi. Hebu nisukumie hilo dirisha kwa nje lifunge, limeachia."

Atuganile alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilisukuma dirisha.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya safari yao, pazia likatikisika, mkono ukatoka umeshika kitu cha kijani. Sweta. Kubwa. Kumbe siku zote hizo zile spoki zilikuwa zinanifumia mimi.

"Lako, baba. Nimeona unakaa uani kifua wazi."

Zawadi ya mama mkwe hairudishwi. Basi nikalivaa kwa hasira, nikavaa na aproni ya ngozi juu yake, nikaenda kazini. Jofrey, mwenzangu wa karakana, aliponiona akaweka nyundo chini.

"Umehamia kwenye baridi ya Makete, kaka?"

"Nyamaza, chomelea."

Nilichomelea geti tangu asubuhi mpaka saa kumi, jua juu, moto mbele, sufu ndani. Sikulivua hata wakati wa kula. Niliporudi nyumbani shingo na kifua vilikuwa vinanichoma kama nimelala kwenye upupu. Nikasimama nje ya pazia najikuna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unajikuna kama mbuzi?" Pazia likafunguka kidogo. "Una nini shingoni?"

"Sijui, mama. Labda hapa pana kitu."

"Pana kitu wapi! Umevaa nini hicho?"

"Lile ulilonipa."

"Kutwa nzima? Na moto ule?" Akasahau mila, akatoka hadi mlangoni. "Mtu mzima na akili zako unavaa sufu kwenye jua la Chitete! Vua, utakufa!"

"Navua, mama. Mimi nina mikono ya kuvulia."

Akanitazama. Pazia likaanguka. Nikaanza kuogopa nimevuka mpaka. Halafu nikasikia kifungo cha sweta dogo kikifunguliwa. Kingine. Kingine.

"Atuganile! Lete beseni. Maji yasiwe ya moto." Na dirisha likafunguliwa kwa kishindo, kana kwamba ndilo lililokosa.

Usiku ule mtoto alilala. Ijumaa gari la Tunduma lilipiga honi, hakuna aliyetoka. Kufikia Jumatatu shingo ya Ezron ilikuwa laini, na bibi akafunga mzigo wake, peke yake. Nilimbebea begi mpaka kituoni, hatua tatu nyuma yake. Kabla ya kupanda, akatoa sweta dogo mfukoni, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilianza kulifuma mimba ikiwa ya miezi minne," alisema bila kunitazama. "Basi. Nilifuma bure."

Hasira zote nilizokuwa nazo wiki nzima nikazitafuta, nisizione.

"Hukufuma bure, mama. Nipe nilitunze."

"Mpaka baridi kali irudi Iyula litakuwa limembana."

"Basi mfumie jingine, kubwa zaidi. Kahawa ikiiva, mwezi wa sita, nakuahidi, mama, nitamleta mume wako Iyula mimi mwenyewe. Atashuka garini amevaa sweta, kofia na soksi zote mbili. Na mimi nitavaa langu."