Ushahidi wa Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu. Alitoka Jumanne asubuhi na sanduku lake la spana, akaniambia anakwenda kutengeneza chumba cha baridi machinjioni, mji wa pili, na kesho yake angerudi. Machinjioni walisema hakufika. Polisi waliandika maelezo, hospitali tulizizunguka zote, mochwari tukafunuliwa nyuso za watu wasiotuhusu. Ikapita miaka saba na ushee.

Kwa hiari yangu nisingekwenda mahakamani. Ila binti yetu alipata nafasi ya kusomea uuguzi nchi jirani, na ofisi ya pasipoti ikataka saini ya baba au cheti chake cha kifo. Sikuwa na hiki wala kile.

Wakili, mama mmoja mwenye kikohozi kisichokoma, alinieleza polepole.

"Mwili hatuna, kwa hiyo hatuwezi kuonyesha kwamba amekufa. Tutathibitisha kwamba amenyamaza. Mtu akikaa miaka saba bila kusikika na wale ambao angewatafuta kama angekuwa hai, sheria inamhesabu amekufa. Anayebisha ndiye alete ushahidi kwamba yupo."

"Nitasema sijamsikia."

"Wewe peke yako hutoshi. Wanaume wanakimbia wake zao kila siku, na hakimu anajua. Nani mwingine angemtafuta?"

Jibu nilikuwa nalo, sikutaka tu kulitamka. Mama mkwe.

Tuliishi naye, chumba cha uani. Kwake yeye mwanawe alikuwa amechelewa, basi. Nilimkuta akichambua maharage, nikamweleza yote. Mikono haikusimama.

"Unataka nimuue mwanangu kwa mdomo wangu."

"Nataka mjukuu wako asome, mama."

Siku ya nne akauliza, "Kesi yenyewe lini?"

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni ikinguruma. Nilitoa maelezo yangu bila kukwama, kama mtu anayemsomea mwenzake barua isiyomhusu. Kisha akasimama mama mkwe.

"Akiwa safarini, mlikuwa mnawasiliana vipi?" wakili akauliza.

"Alikuwa ananipigia simu. Kila siku ya Mungu, hata akiwa juu ya paa la watu."

"Hata mkiwa mmegombana?"

"Tuligombana mwaka mzima kwa sababu ya huyu." Akaninyooshea kidole. "Alinipigia kila siku, tukanuniana kwenye simu."

Watu wakacheka. Hata karani. Hakimu akasubiri watulie, akaegemea mbele.

"Mama, watu hubadilika. Pengine amewachoka nyote, yuko mahali pengine na maisha mengine. Je, haiwezekani kwamba yu hai, ila hataki kukupigia?"

Miaka saba mama mkwe alikuwa akitamani mtu mwenye cheo amwambie hivyo. Akisema "inawezekana" tu, ombi letu limekwisha na mwanawe yu hai. Nilimtazama. Aliifunga midomo, akaifungua.

"Kama anapumua, angenipigia."

"Una hakika?"

"Mwanangu namjua, mheshimiwa. Hawezi kunifanyia hivyo."

Karani akaandika.

Uamuzi ulisomwa alasiri ileile, kurasa tatu. Nilingoja machozi, hayakuja. Nilichowaza ni zipu ya gauni la mteja niliyoiacha nusu kwenye cherehani.

Nje, mama mkwe akakaa kwenye benchi la korido.

"Wameandika alikufa lini?"

"Siku hawakuitaja, mama. Wamesema tu ahesabiwe amekufa."

"Basi amekufa leo," akasema, na akakaa pale mpaka mfagiaji akatuomba tuinue miguu.

Wiki ile majirani walikuja kutupa pole. Mmoja akauliza marehemu aliugua nini. Mama mkwe akajibu, "Muulizeni mkwe wangu, karatasi anayo yeye." Hakusema kwa ubaya. Nilikwenda ndani nikaileta, ikapita mkono kwa mkono, nao wakaisoma wakitikisa vichwa.

Binti aliondoka mwezi uliofuata. Siku hizi mama mkwe anakula chumbani kwangu, kiti chake karibu na cherehani. Simu yake ameiweka juu ya kabati, imezimwa. Juzi mteja alinipa pole ya msiba, na nikamuuliza msiba gani, kwa dhati kabisa.