Osha Mikono, Usioshe Sarafu

Jumamosi alasiri umeme ulikatika Rubwera, na mashine ya fotokopi ya Sperancia ikanyamaza katikati ya cheti cha kuzaliwa cha mtu. Sperancia alimwambia mwenye cheti arudi jioni, akatandaza kitambaa cheusi juu ya kaunta, kisha akamwelekeza Kokuhirwa kwenye ndoo iliyokuwa nje ya mlango.

"Nawa kwanza," alisema. "Na kucha."

Kokuhirwa alikuwa fundi cherehani aliyepanga chumba nyuma ya duka hilo. Alinawa, akajifuta kwenye kanga, akafungua kopo la maziwa ya unga alilokuja nalo. Zilitoka senti kumi za mkoloni zenye tundu katikati, hela za Mjerumani zenye taji, na shilingi moja yenye simba. Zote zilikuwa zimegandwa na udongo mwekundu, isipokuwa ile ya simba, iliyong'aa kama kijiko kipya.

"Hii umeifanya nini?" Sperancia aliuliza.

"Niliisugua kwa majivu na limau. Nilikuwa nakuja kwako. Kwetu hatupeleki kitu kichafu kwa watu."

"Adabu yako nzuri, lakini umeiua. Kuanzia leo, osha mikono, usioshe sarafu."

Sperancia alikuwa akikusanya sarafu tangu enzi zake za ukarani wa posta, na kwa wanaoanza hakuwa na subira. Alisema sarafu hushikwa ukingoni, kama bakuli la uji wa moto, kwa sababu vidole vina jasho. Haiwekwi kwenye mfuko wa nailoni, maana nailoni nayo hutoka jasho. Anayeanza asibabaike na sarafu za Uajemi anazoziona kwenye simu. Aanze na za kwao, zile anazojua zimetoka shimo gani. Na asiuze chochote mapema, kwa kuwa mwanzoni mtu hajui alicho nacho.

Kokuhirwa alijua zilikotoka. Marehemu baba yake, Rwegoshora wa Ihembe, alikuwa na desturi ambayo jirani zake hawakuwa nayo: kila alipopanda mgomba alifukia sarafu ya zamani shinani, ili ardhi imkumbuke aliyeipanda. Alipougua, Kokuhirwa aliacha mji wa mume aliyekuwa amekwisha kumwacha yeye, akarudi kumwogesha, kumlisha na kutandaza nyasi kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kila kiangazi. Kaka yake, Jovitus, alikuwa Bukoba na shughuli zake. Matanga yalipoanuliwa, Jovitus alikuwa wa kwanza kufika.

Ukoo ulikaa uani, ukatafuna kahawa, ukasema maneno yale yale ambayo bibi zetu waliambiwa: mtoto wa kike harithi kibanja. Nyumba kwa Jovitus, kahawa kwa Jovitus, migomba kwa Jovitus. Mtu mmoja akakumbuka sarafu. Baba mkubwa Cleophace, msemaji wa ukoo, alifikiri kidogo na kusema kwamba sarafu hazina ukoo, kwa hiyo binti anaweza kuzichukua. Wakacheka. Kokuhirwa akazichimba kwa jembe mbele ya wote, mvua ikinyesha, mgomba kwa mgomba.

Kilichomuuma hakikuwa ndizi. Ndizi zinauzwa kila mahali. Lakini kwao mtu huzikwa kibanjani, na baba na mama yake walikuwa wamelala upande wa nyuma, karibu na mgomba wa shilingi ya simba. Alimuuliza Jovitus yeye atazikwa wapi.

"Ukifa tutaangalia," Jovitus alisema, akiwa anapima dirisha kwa ajili ya vioo.

Maneno hayo Kokuhirwa alirudi nayo Rubwera pamoja na kopo.

Baada ya somo la Jumamosi ile alizipanga sarafu kwenye ubao chini ya dirisha, bila kuzisugua. Jumatatu asubuhi senti kumi mojawapo ilikuwa imetoa chipukizi la mgomba kupitia tundu lake. Alilinyunyizia maji yaliyobaki ya kunawia uso, akakaa kwenye cherehani, kwa kuwa kulikuwa na sare za shule za kumaliza. Jioni chipukizi lilikuwa limefika kwenye kizingiti cha dirisha.

Alimwita Sperancia, naye akaja na kioo chake cha kukuzia, akapiga magoti, akaikagua sarafu kwa muda mrefu.

"Nimewahi kuona yenye kutu ya kijani," alisema. "Yenye mgomba, hapana. Lakini kanuni ni ile ile. Usiisogeze, na usiioshe."

Migomba mingine ikafuata, kila mmoja kwenye tundu lake. Hela za Mjerumani zikatoa mibuni, ile ile iliyokuwa ikisimama katikati ya migomba ya Rwegoshora, pamoja na alama za panga kwenye magome. Kikaja kijia cha kwenda kisimani. Likaja jiwe ambalo Tata, baba yake, alikuwa akikalia kuvua viatu. Kokuhirwa alisogeza kitanda, kisha akakisogeza tena, mpaka akazoea kulala kwenye ukingo wa shamba na cherehani ikiwa kivulini.

Mwenye nyumba, Adelard, alisikia habari akaja kuutafuta ukuta wake wa nyuma. Aliukuta baada ya kutembea kitambo, akaugonga kwa kiganja kuhakikisha ni wake. Aliporudi alisema kwamba mkataba unakataza mifugo na muziki wa sauti kubwa, na haukutaja migomba. Akapewa mkungu, akaenda zake.

Ni sehemu moja tu haikuja. Kokuhirwa alipokata kona ya nyuma, mahali makaburi yalipopaswa kuwa, alikanyaga saruji tupu, baridi, ya chumba cha kupanga. Shilingi ya simba ilikuwa imelala hapo iking'aa, haikutoa hata unyasi. Alikaa chini akalia kwa sauti, akijilaumu kwa majivu na limau yake, na hakuna aliyemsikia kwa sababu kibanja kilikuwa kikubwa.

Ukoo ulipata habari Novemba ilipokaribia. Jovitus na baba mkubwa Cleophace walishuka kwenye bodaboda mlangoni, wamevaa makoti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Shikamoo, kaka. Karibuni, waitu," alisema, kwa neno la heshima la kwao.

Aliwapa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akawatembeza. Cleophace aliutambua mgomba mmoja, akasimama chini yake na kumkumbuka marehemu. Jovitus alihesabu mikungu kwa macho. Kule Ihembe hakukuwa kumepungua kitu. Migomba ilikuwa imesimama kama kawaida na kahawa imechumwa na kuuzwa. Lakini mwenye kula kwa mikono miwili haoni raha mwenzake akilamba kidole.

Walipomaliza kuzunguka, Cleophace alikaa kwenye jiwe la Tata.

"Binti yangu," alisema, "tumekaa, tumeliangalia jambo hili. Kibanja cha ukoo ni cha ukoo popote kitakapoota. Mtoto wa kike harithi. Kama migomba imekufuata, ni migomba iliyokosea."

"Na sarafu?"

"Sarafu ni zako. Neno letu halirudi nyuma."

Hapo Jovitus akafungua mfuko aliokuwa ameushika tangu mlangoni. Ndani kulikuwa na majivu yaliyochekechwa vizuri, malimau na kitambaa cheupe. "Tutakusaidia kuziosha," alisema kwa upole. "Utabaki na sarafu zako, safi. Hata mnunuzi atazipenda. Udongo ndio wetu, mdogo wangu."

Kokuhirwa alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, na hakuizuia.

"Nilizichimba mbele yenu wote," alisema. "Mvua inanyesha. Baba mkubwa, ulikuwa umesimama pale kwenye mbuni, na mwavuli. Mlinipa na udongo wake mkacheka. Nani kati yenu alisema nizikung'ute?"

Cleophace alitafuna kahawa yake taratibu.

"Mwenye nguvu mpishe, binti yangu. Usishindane na ukoo."

"Sishindani, baba mkubwa. Nakaa."

Akainuka, akaenda kwenye kona ya saruji, akarudi na shilingi ya simba. Aliishika ukingoni kama alivyofundishwa, akaiweka kwenye kiganja cha kaka yake. "Unataka safi? Safi ni hii. Niliisugua mwenyewe kabla sijapata akili. Hiyo haina udongo wa mtu."

Jovitus aliigeuza, akauona uso wake mwenyewe umo kama kwenye kioo, akaridhika kiasi cha kuitia mfukoni. Majivu aliyaacha, na Kokuhirwa akayamwaga shinani mwa migomba, ambayo huyapenda. Kabla ya kupanda bodaboda Cleophace alisisitiza kwamba uamuzi wa ukoo unabaki pale pale. Ulibaki, na umebaki hadi leo.

Siku ya Marehemu Wote, Kokuhirwa alikwenda Ihembe. Alikuta makaburi yamezungushiwa seng'enge na kageti kadogo, na ikabidi amwombe mke wa Jovitus ufunguo, katika uwanja aliozaliwa. Aliuomba, akapewa. Alipiga magoti baina ya baba na mama, akawasha mishumaa, akasali rozari yote bila kuruka. Kisha akatoa sarafu ya shilingi mia mbili aliyorudishiwa chenji sokoni asubuhi hiyo, nayo ina simba pia, akaididimiza ardhini kwa kidole gumba mpaka ikazama. Akaiacha huko wakati wa kuwasalimia wazazi na kuwaambia yaliyotokea, kwa sababu Sperancia alisema sarafu haipendi haraka. Mazungumzo yalikuwa marefu. Alipoichimbua ilikuwa imejaa udongo hadi kwenye manyoya ya simba.

Mke wa Jovitus alimwona akiifunga kwenye pindo la kanga.

"Umeokota nini, wifi?"

"Changu."

Alirudisha ufunguo, akaaga.

Rubwera aliiweka juu ya saruji, kwenye kona ya nyuma, akaenda kupiga pasi sare za watu. Asubuhi alifuata kijia mpaka mwisho na kuyakuta makaburi mawili, yamekaa pamoja na nta ya mishumaa ya jana. Ya Ihembe nayo yalikuwa yako Ihembe, nyuma ya seng'enge, na ufunguo ulikuwa kwa wifi.

Kando ya kaburi la mama palikuwa na nafasi. Kokuhirwa aling'oa magugu mawili matatu, akatandaza nyasi kavu, akavua viatu, akalala chali kupima. Dukani umeme ulikuwa umerudi, na alimsikia Sperancia akimwambia mtu fulani akanawe mikono kwanza.

Nafasi ilimtosha. Akainuka, akajikung'uta nguo, kisha akaziacha nyayo za miguu na udongo wake, bila kuzikung'uta.