Kampuni Ikiamka Asubuhi

Jua lilikuwa halijachomoza vizuri Malale aliposimama mbele ya ofisi ya wanunuzi wa tumbaku, pale Kashaulili, fimbo ya kuchungia mkononi, akingoja kampuni iamke.

Kwao, tangu huko Usukumani walikotoka na mifugo yao, mtu mwenye akili timamu hanunui ng'ombe mchana. Mchana kila ng'ombe anapendeza. Unakwenda kwenye zizi la muuzaji alfajiri, bila taarifa, unasimama kimya na kumtazama mnyama anavyonyanyuka. Mwenye maradhi atasita, atayumba, atapumua vibaya, na hapo ndipo unapojua unanunua nini.

Sasa Stanslaus, mdogo wa mkewe Nyamizi, alikuwa amekuja na treni kutoka Dar es Salaam, kinywa kimejaa maneno mapya. Soko la hisa limefunguliwa, alisema, na kampuni kongwe ya Mizani, iliyoanza kwa kuuza taipureta na siku hizi inafunga kompyuta kwenye mabenki na maofisi makubwa, inauza hisa zake kwa wananchi.

"Shemeji, hisa haiugui ndigana," alisema.

Maneno hayo yalimgusa Malale penye kidonda. Msimu uliopita ndigana iliingia zizini mwake na kuondoka na nusu ya kundi. Waliobaki ndio uzee wake, ndio mahari ya wanawe wa kiume. Awauze anunue kitu asichoweza kukikamua wala kukipa jina? Au asiwauze, akae akiingoja ndigana irudi? Mawazo yalimnyima usingizi. Hata dagaa wa Ikola, ambao siku hizi hawakukosekana nyumbani kwake, aliwaacha sahanini. Mwishowe akauliza: ng'ombe mmoja tu wa hiyo Mizani, anapatikana wapi hapa karibu akamtazame?

Stanslaus alicheka hadi akapaliwa. Kisha akakumbuka kwamba wanunuzi wa tumbaku walikuwa wamefungiwa mashine ya Mizani. Malale akafurahi kupita kiasi, maana ofisi hiyo ndiko alikofanya kazi binti yake Lusia, karani wa malipo, fahari yake mbele ya wafugaji wenzake. Hata hivyo hakumwambia kitu. Angemwambiaje, naye yumo zizini mwa muuzaji?

Jenereta ikanguruma nyuma ya jengo. Karani mkuu, Ambrosi, alifungua mlango, akamtambua mzee, na uso ukambadilika.

"Shikamoo, mzee. Nyumbani kwema?"

"Marahaba. Kwema kabisa. Nimekuja kuiona mashine ikiamka."

Ambrosi alishusha pumzi, kama aliyedhani mzee amekuja na shari. Akamkaribisha ndani, akabonyeza. Kioo kikawaka, mashine nyingine pembeni ikaanza kukereza, na karatasi ikachomoza ikiwa na majina ya wakulima wa Mwese na malipo ya kila mmoja. Malale aliinama kusikiliza pumzi zake. Haikusita wala haikuyumba. Kazi ambayo Lusia alikuwa akiisimulia mezani kwamba huwachukua makarani wiki nzima, ilikwisha kabla jua halijapanda. Moyo wa Malale ukaridhika. Huyu alikuwa mzima.

"Lusia naye anafika saa ngapi?" aliuliza, akitaka binti yake amkute hapo.

Ambrosi aliondoa mkono kwenye mashine.

"Mzee, kwani nyie hamjui? Makarani wa malipo walipunguzwa wote. Tangu ilipofungwa hii."

Malale alipigwa na butwaa. Jana tu asubuhi alimwona Lusia kwa macho yake akipanda baiskeli, amevaa blauzi yake ya kazini, akiaga. Alitoka bila kuaga, fimbo akaisahau mlangoni, akaanza kutembea kama mtu aliyezabwa kofi na asiyemjua. Miguu yenyewe ilimpeleka sokoni, kwa sababu dagaa wa sahanini walikuwa wamekwisha kumwambia, sema hakuwasikia.

Alimkuta Lusia nyuma ya lundo la dagaa, khanga juu ya ile blauzi. Lusia alimwona, akashtuka, akainuka.

"Shikamoo, baba."

Malale hakuitikia. Alichuchumaa.

"Mama yako anajua?"

"Anajua. Niliogopa utasema basi, niolewe."

Malale aliona haya, maana hivyo ndivyo angesema, tena siku hiyo hiyo.

"Nilikwenda kuitazama mashine ikiamka," alisema. "Stanslaus anataka nitoe ng'ombe ninunue hisa za hao walioifunga."

"Umeionaje?"

Alitamani kudanganya. "Imeamka vizuri."

"Basi nunua, baba."

Huu ulikuwa mshtuko wa pili, na ulimzidi wa kwanza. "Lusia! Kitu kilichokula kazi yako?"

"Kimekula yangu, na za wengine kitakula, ununue usinunue. Mimi nilikaa nacho, nakijua. Nunua." Akapangusa mikono kwa khanga. "Ila jina liandikwe langu."

Malale alimkodolea macho. Katika ukoo wao binti huingiza ng'ombe zizini siku anapoolewa. Hajapata binti kuwatoa, wala kuwaita wake. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Mteja alifika, Lusia akampimia dagaa kwa kopo, akamwongezea kidogo juu, akamshukuru.

"Mjomba wako anaondoka kesho na treni ya jioni," alisema Malale hatimaye.

"Najua."

"Kesho alfajiri..." Akaokota dagaa mmoja, akamgeuza kiganjani. "Kesho alfajiri uje zizini kabla hawajanyanyuka. Tuwatazame, uchague wa kutoa."

Kopo lilibaki hewani. Tangu utoto wake Lusia aliingia zizini humo kuzoa samadi tu.

"Nije na kaka?"

"Kaka zako waache walale," alisema Malale, akiendelea kuchuchumaa pale pale.