Kitunguu Kionekane

Kidole cha tatu ndicho kilicholeta maneno. Viwili vya kwanza mama alivifunika kwa plasta na uongo mdogomdogo, eti kopo, eti wembe wa kukatia uzi. Cha tatu binti yake mkubwa alikishuhudia mwenyewe: kitunguu cheupe, kibao cheupe cha plastiki, na kisu kikapita pale mama alipodhani ndipo kilipo kitunguu.

Tangu mwaka juzi macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu. Hakuwa kipofu. Mlango aliuona, watu aliwaona, ila kitu kikikaa juu ya kingine cha rangi ileile, kwake vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Daktari alisema macho hayo hayatarudi yalivyokuwa, waombe tu yakae hapohapo.

"Mama atakuja kukaa kwangu," binti akamwambia baba yake pale uani, bila kupaza sauti. "Kuna msichana wa kazi, anapika, anafua. Mama atapumzika. Nakuja tena Jumamosi. Nikikuta kidole kingine kimefungwa, baba, naondoka naye."

Baba yake mtaa mzima ulimwita Randa, kwa ajili ya chombo kile cha kulainishia mbao ambacho hakikumtoka mkononi kwa miaka arobaini. Binti alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma.

Mama alingoja binti aondoke ndipo akasema lake. "Kwake ni kuzuri. Lakini mtu asiyeshika kisu jikoni ni mgeni. Nitakuwa mgeni hadi nife."

Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minane. Randa aliwahi kulala njaa, aliwahi kulala karakanani mvua ikimvujia, lakini nyumba isiyo na mke huyu hakuijua ilivyo, na hakutaka kuijua.

Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea. Seremala aliyejaza mtaa milango na vitanda, kwake watu wanakatia mboga kwenye plastiki. Asubuhi yake akaenda kwa mtengeneza milango, rafiki yake wa tangu ujana, ambako mabaki ya mbao huuzwa kwa fungu kama nyanya. Ubao mzima wa mti mgumu hakuuweza, bei yake ungenunua mbuzi ukabakiza ya kamba. Lakini kwenye mabaki mwenye subira hatoki mikono mitupu. Msonobari akautupa kando, ni laini, kisu kinauchimba na maji unayanywa. Kipande chenye rangi ya kupakwa akakiacha, nani ajue wamepaka nini. Vilivyobaki akavibonyeza ukucha, akavinusa, akavidondoshea tone la maji aone linanyweka upesi kiasi gani. Mwishowe akapata vipande vya mninga, kahawia iliyoiva yenye mishipa ya dhahabu, na miguu ya kitanda cha mtoto kilichovunjika, mti wa mpira, mweupe kama unga wa ngano.

Fundi mwenye akili angeishia hapo: upande mmoja wa kahawia kwa vitunguu vyeupe, upande mmoja mweupe kwa mboga za rangi, kazi imekwisha. Lakini tuseme ukweli, seremala ni mtu wa kujipenda. Randa alipoona rangi zile mbili zimelala pamoja, mkono ukamwasha. Akachana vipande kumi na vitatu vyembamba, mninga, mpira, mninga, mpira, akavigandisha kwa gundi, akavibana, akavipiga randa na msasa, akavipaka nta ya nyuki hadi ubao ukang'aa. Wapita njia walisimama kuutazama. Akaenda nao nyumbani kwapani, kifua mbele kama bwana harusi.

Mama akaupapasa pande zote. "Mume wangu, huu ni wa kutundika ukutani," akasema, na Randa akalala usingizi mtamu.

Alhamisi mchana alirudi nyumbani kuchukua futi yake ya kupimia aliyoisahau. Mama alikuwa jikoni, ameupa mlango ubavu. Ubao ulikuwa mezani, kitunguu juu yake, na mama amefumba macho. Alikuwa akikata kwa kupapasa, kisu kinamtambalia karibu na kucha.

"Mbona umefumba macho?"

Kisu kikasimama. Mama hakugeuka.

"Mistari inacheza," akasema. "Sijui kipi kitunguu, kipi mti. Nikifumbua napata kizunguzungu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa na furaha."

Randa akavuta kiti akaketi. Alishikwa na aibu kweli, maana katika kujionyesha kwake alikuwa amemtengenezea mke wake mtego, tena akaupaka nta.

"Heri ungenivunja moyo, mama watoto," akasema. "Moyo wangu unashika gundi. Kidole chako hakishiki."

Kesho yake asubuhi na mapema wakaenda wote wawili kwa mtengeneza milango, Randa amemshika mkewe mkono, mkewe ameshika kikapu. Mama akatoa kitunguu, kitunguu saumu, nyanya na karoti, akavipanga juu ya benchi la kazi.

"Shemeji, hapa tunauza mbao, hatupiki," mtengeneza milango akasema.

"Nyamaza, utapikiwa," mama akamjibu.

Akasogea mlangoni kwenye mwanga, akawa anaweka kitunguu juu ya kipande kimoja baada ya kingine. Mninga wa Randa akautikisia kichwa, ile mishipa mizuri ilikuwa inaingia kwenye kitunguu. Kingine hivyohivyo. Alipoinama kutafuta zaidi, mkono wake ukagusa kipande kilichowekwa chini kuzuia mlango usifungwe na upepo. Mvule wa zamani, haujawahi kupakwa kitu, mweusi-mweusi, umepooza. Akaweka kitunguu juu yake.

"Hiki."

Randa akakunja uso. "Hicho hakina sura. Hakina hata ua moja."

"Ndiyo maana," mama akasema. "Wewe unataka ubao uonekane. Mimi nataka kitunguu kionekane."

Mtengeneza milango akacheka mpaka akashika benchi. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Leo umefundishwa kazi, Randa." Pesa akakataa. "Nileteeni jiwe tu, mlango wangu utaanza kupiga kelele."

Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umebaki. Nusu ya ubao mpya ikawa mvule ule mbaya, kwa vitunguu, nusu mti wa mpira, kwa nyanya na karoti na mboga za majani. Katikati Randa akachonga mfereji mwembamba, kidole kijue kimefika mpakani. Maua hakuweka hata moja, ingawa mkono ulimwasha.

Jumamosi binti akaja, akaingia moja kwa moja jikoni. Randa hakuweza kukaa humo. Akatoka uani, akashika kipande cha mbao kisicho na kazi yoyote, akaanza kukipiga randa, masikio yote ndani. Tak, tak, tak. Kisha kimya. Mkono wake ukasimama. Roho ilikuwa juu, akijiona keshaanza kufunga sanduku la mke wake. Kisha tak, tak, tak, upesi kuliko mwanzo.

Binti akatoka akijifuta mikono. Macho yalikuwa mekundu, na hakusema kama ni ya vitunguu.

"Amenifukuza," akasema. "Eti namenya kama mtu anayegombana." Akaketi kando ya baba yake. "Baba, nitengenezee na mimi kibao, kama kile kile. Kikae kwangu. Mama akija kunisalimia asikae kama mgeni."

Randa akaitika kwa kichwa. Akainuka, akaingia jikoni. Ule ubao wa mistari ulikuwa umetundikwa ukutani, juu kidogo ya meza. Mama akamsikia, akafuta kisu, akamnyooshea mikono yote miwili, viganja juu.

"Hesabu."

Randa akavishika vidole kimoja kimoja, polepole, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi hakuiachia mikono hiyo, akaanza tena moja.