Nilipopimwa Uzito Ubalozini

Usiku wa jana, Tumpe alipomaliza kunyonya akalala na titi mdomoni, niliota picha yangu ya pasi ya kusafiria imekaa ukingoni mwa kitanda, inanisubiri.

Ilikuwa ileile ya juzi. Mpiga picha aliniambia nisicheke, nisionyeshe meno, nitoe masikio nje. Nikatii yote, nikatoka na sura ya mwenye nyumba siku ya kodi.

"Amka," ikasema. "Mahojiano ya viza ni sasa."

"Ni keshokutwa."

"Aliye kwenye pasi ni mimi. Wewe nani?"

Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikaifuata. Inaishia kifuani, miguu haina, lakini ilinitangulia.

Nafungua mlango wa chumba chetu hapa Tukuyu, natokea ubalozini. Mabenchi ni ya kliniki ya watoto. Akina mama wamejaa, kila mmoja kabeba bahasha ya kaki mgongoni kwa mbeleko. Bahasha moja inalia. Mwenyewe anaipigapiga ili icheue muhuri.

"Mwenzetu umebeba nini?" akaniuliza.

"Mtoto."

Benchi zima likanihurumia. "Pole, dada. Hata nakala yake hukutoa?"

Afisa alikuwa mzani. Ule ule wa kliniki, unaoning'inia darini, wenye uso wa duara na mfuko wa kumtumbukizia mtoto kama kaptula.

"Vua viatu, ingia," ukaniambia.

"Mimi mtu mzima jamani."

"Fomu haijasema mtoto."

Nikamwachia Tumpe yule mama wa bahasha, nikaingiza mguu mmoja. Wa pili ukagoma, picha ikanisukuma kwa nyuma. Basi mama wa mtu, mwenye cheti chake cha masomo ya jioni, nikaning'inia pale kama papai.

"Jina?"

Majibu nilikuwa nimeyakariri wiki nzima, Tumpe akiwa ndiye afisa, mimi najibu kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Yakatoka, ila kwa foleni yao wenyewe.

"Kwa sababu chuo chenu kina maabara za kisasa," nikasema.

"Umri?"

"Nitaishi bwenini."

"Aibu naona mimi," picha ikanong'ona.

"Unakwenda kusomea nini?"

"Uuguzi wa watoto wachanga."

"Na wa kwako unamwacha na nani?"

Hilo sikulikariri. "Na bibi yake. Miaka miwili tu."

Hiyo "tu" niliisema kama mtu anayeazima chumvi. Ukweli ni kwamba kinachonikosesha raha si kunyimwa viza. Ni kurudi na shahada yangu, nikamkuta Tumpe mlangoni ananiambia, "Shikamoo, shangazi."

"Thibitisha kwamba utarudi," mzani ukasema.

Nikapakata barua ya kazini. Nikapakata hati ya kiwanja. Mshale haukutikisika.

"Karatasi hazina uzito. Kingine?"

Hapo Tumpe, ambaye kutembea bado, akashuka mgongoni mwa yule mama, akatembea, akapanda mfukoni tukakaa wawili. Mshale ukazunguka kama feni.

"Utarudi," mzani ukasema. "Hilo halina shaka. Tatizo, kwa uzito huu ndege hainyanyuki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umepewa viza ya kubaki."

Picha ikaanza kulia, uso haijaukunja hata kidogo.

Ukuta ukawa jiko letu. Mama yangu akatoka huko na ile doti nyekundu ya kanga aliyoninunulia kwa ajili ya safari, bado haijakatwa.

"Mama Tumpe! Unabembea huko na maharage yanaungua?"

"Mama, nimenyimwa."

"Kakunyima nani? Huyu?" Akausogelea mzani, mkono kiunoni. "Wewe si ndiye uliyempima huyuhuyu mjukuu wangu alipozaliwa, kilo mbili kasoro? Manesi wote wakasema hafiki Ijumaa. Leo unalalamika ni mzito?"

Mzani ukatazama pembeni.

"Kanga moja aende nayo, moja abaki nayo mtoto," Mama akasema. "Mkasi uko wapi?"

"Mkasi hauruhusiwi ubalozini," picha ikajibu, inafuta machozi.

Tumpe akaivuta doti, akaishika katikati, akaikata kwa meno yake manne. Hakuwa na haraka. Alipomaliza akanirushia upande mmoja, wa kwake akajifunika. Mshale ukashuka polepole, ukatulia.

"Sasa sawa," mzani ukasema. "Mwanamke haachi upande mmoja wa doti yake moja kwa moja. Nenda."

Nikacheka, meno yote nje.

"Meno! Meno!" picha ikapiga kelele, nikaamka.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. "Umeanza tena Kiingereza chako usingizini. Eti maabara."

Nikamsimulia. Alicheka hadi akaketi kitandani. "Mimi kugombana na mizani! Na hiyo doti hata sijaikata. Imo begini tangu Jumapili, na ufunguo unao wewe."

Kweli, ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, umefungwa kwa uzi, ndani ya gauni. Nikafungua begi ili tucheke vizuri.

Juu ya pakiti za dagaa kulikuwa na kanga mbili. Mama akazishika pindo, akaacha kucheka. Zilikuwa zimetafunwa pale katikati, na bado zina unyevu.

Tukageuka wote wawili. Tumpe alikuwa ameamka, anatuchekea, na kati ya meno yake manne umening'inia uzi mwekundu.