Tuta Upande wa Ndani

Mzee Mwaisaka alizikwa mara tatu, na zote zilikuwa jioni moja.

Mara ya kwanza walimshusha vizuri kwa kamba, kwaya ikiimba. Sanduku likafika chini, likatulia kidogo, halafu likaanza kupanda. Ilikuwa Aprili, na Aprili ya Makwale haina adabu: unachimba shimo la mgomba, unapata kisima. Vijana wakalitoa, wakachota maji kwa ndoo, wakashusha tena. Likapanda tena, safari hii likiyumba na kugonga ukuta wa shimo, gub upande huu, gub upande ule, kama mgeni anayebisha hodi kwa watu waliojifungia ndani. Mara ya tatu ilibidi waliwekee mawe juu. Kule bondeni jiwe ni kitu cha kuagiza, kwa hiyo mtu alikimbia jikoni akang'oa mafiga matatu ya mjane, yakiwa bado na masizi, na hayo ndiyo yaliyomshikilia mzee mpaka udongo ukamfunika.

Mjane mwenyewe, bibi Tusajigwe, alikuwa amekaa mkekani hatua kumi kutoka pale. Alizisikia gub zote.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa pili mwaka huu miguu yake ikaanza kuvimba, na daktari akaeleza kwamba moyo umechoka, hausukumi vizuri, ndiyo maana maji yanajaa miguuni. Bibi alicheka hadi akakohoa.

"Kumbe yameshindwa kunisubiri," alisema.

Walipofika nyumbani akamwita Andongwisye, mwanawe wa pekee, akamwonyesha uwanja wa nyuma kupitia dirisha la chumba chake. Uwanja ulikuwa na ukoka wa kijani, wa kupendeza kwa macho tu. Ukiukanyaga, maji yanachupa katikati ya vidole. Kaburi la mzee lilikuwa mwisho wa uwanja huo, karibu na migomba, na msalaba wake wa saruji ulishaanza kuinama.

"Nitalala pale na baba yako," bibi alisema. "Lakini sitaki kuelea, Ando. Kausha uwanja."

Hilo lilikuwa neno la mama. La mjomba lilikuwa gumu zaidi. Mjomba Jubilate, mdogo wake bibi, alikuja Jumapili kutoka Ndandalo na fimbo yake ya kutembelea. Akaenda moja kwa moja kando ya kaburi, akaichomeka fimbo, akaichomoa, akainama kutazama tundu. Likajaa maji hata kabla hajamaliza kuinama.

"Mpwa wangu," alisema, "baba yako mlimtosa, si kumzika. Hayo yalikuwa ya ukoo wenu, tukanyamaza. Dada yangu hapana. Siku ikifika na hapa pakiwa hivi, tunamchukua kwetu. Kwetu ni kichanga."

Andongwisye alihisi aibu ikimpanda masikioni. Mwanamke aliyeolewa miaka hamsini na sita, halafu maiti yake ichukuliwe na ndugu irudishwe kwao! Watu hawangesema habari za maji. Wangesema kule Makwale alikuwa mpangaji.

"Patakauka, mjomba," alisema.

"Nitakuwa nakuja Jumapili," alijibu Jubilate, akafuta fimbo yake kwenye ukoka.

Sasa, kama kuna mtu mmoja Makwale ambaye ungempa kazi yoyote ya maji, ni Andongwisye. Alikuwa fundi wa majaruba, vile vishamba vya mpunga vinavyozungushiwa tuta ili maji yasitoke. Watu walimfuata kutoka vijiji vingine awapigie matuta ya mashamba ya mpunga, kwa sababu tuta lake halivuji. Walisema maji yakiingia kwenye jaruba la Andongwisye huomba ruhusa ya kutoka, na hayapewi. Alianza kazi hiyo na baba yake akiwa na miaka tisa, na sasa ana hamsini na nne, nyayo zimepanuka kama za bata.

Alikwenda mjini, mtaa wa Bondeni, kwa Shabani, muuza vifaa vya ujenzi, kutafuta sururu.

"Mwagonile, Mwaisaka," Shabani alimsalimu. Babu yake alitoka pwani, lakini salamu za Kinyakyusa alizijua kuliko wengi. "Leo umeacha mpunga? Unachimba nini?"

"Mtaro. Nakausha uwanja."

Shabani akaweka chini kikombe cha kahawa. "Wewe? Kukausha? Wewe na kukausha ni kama mimi na kitimoto."

"Nipe sururu, Shabani."

"Nakupa. Lakini nisikilize. Mtaro unaupitisha katikati, unatandika kokoto, unalaza bomba lenye matundu, unafunika kwa kokoto nyingine. Na udongo utakaoutoa upeleke mbali kabisa. Usiuache hapo."

"Wewe maji unayoyajua ni ya kutawadha."

"Na wewe unayajua ya kukaa nayo. Mimi sisemi zaidi."

Andongwisye akaondoka na sururu begani. Njiani alikuwa anacheka peke yake, akimwonea huruma mtu wa dukani anayemfundisha yeye maji.

Alichimba siku tisa. Fikra yake ilikuwa hivi: maji yote yanatoka kwa majirani, kwenye mashamba yao ya mpunga yaliyouzunguka uwanja. Basi auzungushie mtaro pande zote tatu, nyumba ikiwa upande wa nne, na udongo aupandishe ndani kama tuta, ili maji ya watu yakivuka mtaro yakutane na ukuta. Akachimba, akapandisha, akakanyaga kwa nyayo zile pana, akapiga kwa mgongo wa jembe mpaka tuta likang'aa kama limepakwa mafuta. Jioni alikuwa anatembea juu yake kutoka kona hadi kona, bila shimo, bila ufa. Mikono ilikuwa inajua kazi kuliko yeye mwenyewe.

Mkewe, Kisa, alisimama na beseni la nguo kiunoni siku ya saba, akatazama kwa muda.

"Baba Lucy, mbona tuta liko upande wa ndani?"

"Linazuia maji."

"Ya nje sawa. Na ya juu je?"

"Ya juu yapi?"

Kisa alinyoosha kidole, kwanza mbinguni, halafu kwenye bati la nyumba.

"Mama Lucy, anika nguo," Andongwisye alisema.

Bibi alikuwa anamtazama kutoka dirishani. Alikuwa hajinyooshi tena kitandani, analala ameegemea mito, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Kila mwanawe alipopita na jembe alimpungia mkono, naye akapunga. Siku zile tisa walikuwa karibu kuwa na furaha.

Mvua ya masika iliingia Jumanne alfajiri. Ilipiga siku hiyo nzima na kesho yake, mvua ya Kyela isiyo na ngurumo wala haraka, inayoshuka tu kama kazi ya kuajiriwa. Alhamisi asubuhi ikapumzika. Andongwisye akatoka na koti lake la mvua kwenda kuona kazi yake.

Alianza na mtaro. Ulikuwa na maji kidogo sana, na chura mmoja. Moyo ukamruka kwa raha. Halafu akageuka upande wa ndani.

Uwanja wote ulikuwa maji. Yalikuwa yametanda kuanzia msingi wa jiko mpaka kwenye migomba, sawasawa, bila mkunjo, yakifika nusu ya muundi. Hayakuvuja popote. Bati lilikuwa limemwaga siku mbili, mbingu imemwaga siku mbili, na tuta halikuwa limeachia hata tone. Msalaba wa baba yake ulikuwa umesimama katikati ya maji hayo na bata wa jirani walikuwa wanauzunguka.

Alisimama juu ya tuta lake. Lilikuwa jaruba zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza.

Dirisha likafunguliwa. Bibi alitazama muda mrefu, kifua kikipanda na kushuka.

"Ando," alisema, "miche unapandikiza lini?"

Alikuwa anatania, lakini mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na Andongwisye akashindwa kuinua uso. Alichukua sururu akaenda kubomoa. Tuta lilikataa. Alilikatakata karibu saa nzima ndipo maji yakapata upenyo, yakaingia mtaroni yakikimbia. Kufikia jioni yalikuwa yameondoka yote yaliyoonekana. Chini lilibaki tope. Siku tisa alikuwa amepita pale na kurudi, amelikanyaga na kulivuruga kama mtu anavyotayarisha shamba la kupandikiza mpunga, na udongo uliovurugwa hivyo haumezi maji. Kila mtoto wa Makwale analijua hilo. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine.

Kisa alitoka jikoni. Alimletea chai hapohapo kwenye tope, akasimama naye mpaka akamaliza.

Ijumaa jioni Shabani alikuja na kirikuu imebeba kokoto na mabomba mawili. Hakuna aliyemwita, habari za jaruba la nyuma ya nyumba zilishafika sokoni. Andongwisye alijiandaa kwa maneno. Shabani akauzunguka uwanja akiwa amekunja suruali, akafika kwenye kaburi, akasimama kidogo, akarudi. Hakutania hata neno moja, na hilo ndilo lililomuumiza Andongwisye kuliko yote.

"Tuanzie pale," Shabani alisema. "Udongo tunaubeba tunaupeleka barabarani."

Walifanya kazi siku tatu, mvua ikija na kwenda. Wakapitisha mtaro katikati, wakatandika kokoto, wakalaza bomba, wakafunika. Bomba lilianza kutoa maji mwisho wa uwanja, kidogokidogo, kama chai inayomiminwa na mchoyo. Lakini lilitoa. Asubuhi ukilitazama lilikuwa linatoa, jioni linatoa.

Jumapili ya wiki iliyofuata mjomba Jubilate akachomeka fimbo. Tundu likakaa tupu kwa muda wa mtu kusema jina lake na la baba yake. Kisha likajaa.

"Sasa yanakuja polepole, mjomba," Andongwisye alisema. "Umeona mwenyewe."

"Polepole ni kuja vilevile."

Wakaingia ndani. Bibi alikuwa ameketi kitandani, miguu juu ya stuli, ngozi imevutika inang'aa. Alizungumza kwa vipande, akipumzika katikati.

"Jubilate, kesho lete bajaji. Nakuja kukusalimu."

Jubilate alimtazama Andongwisye, halafu akatazama sakafu.

"Mama, nipe wiki mbili," Andongwisye alisema. "Bomba linafanya kazi. Wiki mbili tu mvua ikipungua."

"Nizitoe wapi?"

"Nitakuzika hapa, mama. Hata kama nitashinda ndani ya shimo nachota maji."

"Hicho ndicho ninachokiogopa." Alipumzika. "Sikia. Nikifia hapa wanichukue, nimerudishwa. Si ndiyo? Nikienda mzima, kwa ndugu yangu, na kitenge changu kizuri, nikafia huko, nimerudishwa na nani? Mtu anaweza kufia safarini."

"Watu watajua."

"Watajua, lakini watakosa la kusema." Akamgeukia ndugu yake. "Na wewe ukiulizwa?"

"Nitasema dada alikuja kunisalimu," Jubilate alijibu kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unataka hapa," Andongwisye alisema. "Ulisema pale, na baba."

"Nilitaka," bibi alisema. "Bado nataka."

Akafumba macho, akaegemea mito.

Asubuhi Kisa alimwogesha, akamfunga kitenge cha harusi ya Lucy, akampaka mafuta kwenye ile miguu. Bajaji ilisimama barabarani, lakini bibi alikataa kupitia mlango wa mbele. Basi Andongwisye akambeba mgongoni kama wanavyobebwa watoto, akatokea mlango wa jikoni, akaingia kwenye tope. Alikuwa mwepesi, isipokuwa miguu. Miguu ilikuwa mizito kama si ya mtu huyohuyo.

"Usinidondoshe," alimwambia sikioni. "Nitaota."

Kila hatua ilizama na kunyonya. Kwenye kaburi alimgonga begani, naye akasimama. Bibi aliutazama msalaba.

"Ndaga," aliuambia. "Ndaga fijo."

Ni shukrani ya kawaida tu, unampa hata aliyekupisha njiani. Andongwisye alisubiri aseme jingine. Alisikia pumzi yake tu, fupifupi, na unyevu shingoni ambao ungeweza kuwa manyunyu. Kisha akamgonga tena begani, wakaenda.

Alikaa Ndandalo wiki tano. Alifia huko mwezi wa tano, asubuhi, akiwa anauliza kama mvua imekatika. Wakamzika kwenye kichanga cha kwao, na mjomba Jubilate akasimama mbele ya watu wote akatangaza kwamba dada yake alikuwa amekuja kumsalimu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyesema lolote, na Andongwisye, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, aliona jinsi kila mmoja alivyokuwa mwangalifu asimtazame.

Mwezi wa sita bomba likaacha kutoa maji. Uwanja ulikuwa umekauka mpaka ukoka unakwaruza nyayo. Andongwisye alikuwa anaukagua kila asubuhi kabla ya chai, akikanyaga huku na huku, na Kisa alimwacha.

Siku moja Kisa alitoka na turubai na ndoo ya kakao iliyokwisha kuvundikwa, akitafuta pa kuianika. Akauliza wapi.

Andongwisye alikuwa kwenye migomba. Alitazama ile nafasi kando ya baba yake, upana wa mtu mmoja.

"Anika hapa," alisema. "Ndipo palipokauka vizuri."

Kisa akasita, kisha akatandaza turubai, na mumewe akaja akashika ncha ya pili.